Jina la Baba Halifutwi: Heshima kwa Mila za Wenzetu wa Lodwar na Kakuma

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni Zake, aliyewaumba wanadamu kutokana na baba mmoja na mama mmoja, kisha akawatawanya katika mataifa na makabila ili wapate kujuana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu wasomaji, si nyumba chache za pwani yetu zilizo na mtoto wao Turkana hivi leo. Yuko mwalimu aliyepelekwa huko na serikali, yuko muuguzi, yuko dereva wa lori, yuko mfanyabiashara wa nguo na vyombo, na wako waliopata kazi katika mashirika ya misaada kwenye kambi ya Kakuma. Hawa wakirudi likizo, au wakipiga simu usiku, huwa na maswali ambayo wazazi wao hutuletea baada ya sala. Je, naweza kuhudhuria sherehe ya jirani yangu Mturkana? Mzee fulani huitwa kwa jina alilolipata kwa ajili ya ng'ombe wake. Nikimwita kwa jina hilo, nimeshiriki mila isiyo ya dini? Kijana amesilimu mikononi mwetu. Je, ni lazima aliache jina alilozaliwa nalo?

Wapo wanaowajibu vijana hawa kwa haraka, wakawaambia kuwa yote hayo ni ushirikina na wajitenge nayo. Wapo na vijana wanaojiambia kwamba ukifika kwa wenye chongo nawe uvunje lako jicho, wakafuata kila walilolikuta. Sisi tunaona kuwa majibu yote mawili yamekosa shabaha. Dini yetu inatufundisha kuheshimu bila ya kufuata, na kukataa bila ya kudharau. Makala haya tumeyaandika ili familia ziweze kusoma pamoja na kulipima jambo hili kwa utulivu.

Nchi yenyewe na watu wake

Lodwar ndio makao makuu ya kaunti ya Turkana, mji uliokaa kando ya mto Turkwel, kwenye nchi ya joto kali na mchanga, magharibi ya ziwa kubwa linaloitwa kwa jina la watu hao. Wazee wetu walilijua jina la Lodwar kwa sababu ya Mzee Jomo Kenyatta, ambaye Waingereza walimweka huko mwaka 1959 baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, kabla ya kumhamishia Maralal mwaka 1961. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti hiyo ilihesabiwa kuwa na watu 926,976. Wengi wao ni wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi, kondoo na punda, na maisha yao huifuata mvua popote inaponyesha.

Ukitoka Lodwar ukaelekea kaskazini magharibi kiasi cha kilomita 120, utafika Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, walipowasili maelfu ya vijana na watoto waliokuwa wamekimbia vita vya Sudan, wengi wao bila ya wazazi. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waganda na watu wa Darfur. Mwaka 2016 yakafunguliwa na makazi ya Kalobeyei, yaliyokusudiwa wakimbizi na wenyeji waishi pamoja. Leo Kakuma na Kalobeyei zina watu zaidi ya laki mbili. Basi mtoto wa Mombasa, Malindi au Lamu anayefanya kazi huko hukutana kwa siku moja na mataifa ambayo babu yake hakukutana nayo katika umri wake wote.

Mawe na Chui

Jambo la kwanza la kujifunza huko ni kwamba mtu hana jina moja wala utambulisho mmoja. Mtoto wa Kiturkana hupewa jina kwa hali aliyozaliwa nayo. Aliyezaliwa wakati wa mvua, akiwa mvulana, ataitwa Ekiru au Lokiru. Akiwa msichana ataitwa Akiru au Nakiru, kwa kuwa mvua kwa lugha yao ni akiru. Akikua mwanamume, huwa na fahali ampendaye kuliko wengine, humwimbia na kumpamba, na kwa fahali huyo hupata jina jingine ambalo wenzake wa rika humwita kwalo. Aghalabu jina hilo huanza kwa neno "Apa", yaani baba, likafuatwa na sifa ya mnyama, kama rangi yake au umbo la pembe zake.

Zaidi ya hayo, kila mwanamume wa Kiturkana amezaliwa katika mojawapo ya makundi mawili: Ng'imor, yaani Mawe, au Ng'irisae, yaani Chui. Mtoto hawi wa kundi la baba yake. Baba akiwa Jiwe, wanawe ni Chui. Na wana wa Chui watakuwa Mawe kama babu yao. Kwa hivyo babu na mjukuu ni wa upande mmoja, na baba hukaa baina yao kutoka upande wa pili. Katika akiriket, ule mkutano ambapo wanaume huketi kwa nusu duara kula nyama na kuomba dua, kila mmoja hujua mahali pake pa kuketi. Na kijana huingia utu uzima kwa asapan, sherehe ambayo huchoma mkuki mnyama wake na kukabidhiwa kwa mzee wa kumlea. Waturkana hawakuwa na desturi ya kutahiri, na kwa ajili hiyo wamevumilia kejeli nyingi kutoka kwa Wakenya wenzao.

Msomaji wetu atauliza: Je, mtu anayesema yeye ni Chui anaamini kuwa ni mnyama? La hasha. Anasema yeye ni mtoto wa nani, ndugu wa nani, na ana haki na wajibu gani kwa watu wake. Nasi watu wa pwani hatuna sababu ya kustaajabu. Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, nao wamegawika katika Miji Tisa na Miji Mitatu. Lamu ina Mkomani na Langoni, na kila upande una fahari yake. Tuna watu walioitwa Juma kwa kuzaliwa Ijumaa, tuna Ramadhani na Shaabani, tuna Masika, Tabu, Mashaka na Sikudhani. Ukiyasikiliza vyema majina hayo, utaona kwamba Lokiru wa Lodwar na Masika wa pwani ni majina ya maana moja, kila moja kwa lugha yake.

Watu wa Kakuma nao wana yao. Wadinka na Wanuer kutoka Sudan Kusini humpa kijana jina la ng'ombe kama Waturkana wafanyavyo. Jina la Mabior lililomo katika jina la marehemu John Garang linatokana na ng'ombe mweupe, na wanaoitwa Malual wamepata jina kwa ng'ombe mwekundu. Msomali mdogo hufundishwa kuhesabu mababu zake mmoja baada ya mwingine, na elimu hiyo wanaiita abtirsi. Mkimbizi aliyepoteza nyumba, mifugo na hati zake zote bado ana orodha ya mababu kichwani mwake. Hiyo ni mali ambayo haikuporwa njiani, na ni dhuluma kubwa mtu akaja kuipora kwa jina la dini.

Kijana aliyetengwa na jina la baba yake

Tunasema hivyo kwa sababu jambo hilo hutokea. Katika safari zetu za kaskazini tulikutana na kijana wa Kiturkana aliyesilimu alipokuwa akifanya kazi ya ulinzi katika mji mmoja wa mbali na kwao. Mwalimu aliyemsilimisha alimpa jina la Kiislamu, na hilo halina ubaya. Lakini akamwambia pia kwamba jina la baba yake ni la kikafiri, na kuanzia siku hiyo ajiandike "bin Abdalla". Kijana akatii kwa nia njema. Aliporudi kwa wazee wake nje ya Lodwar kutafuta radhi za ndoa, mtu mmoja aliyejua kusoma akaiona karatasi yake ya msikitini, akaisoma kwa sauti mbele ya baba yake. Mzee akauliza swali moja tu: "Huyo Abdalla alitoa ng'ombe wangapi kwa ajili ya mama yako?"

Wasomaji wetu walifahamu swali hilo. Kwa Waturkana, mifugo ya mahari ndiyo inayomthibitisha mume kuwa baba wa watoto. Ni mahari ya miaka mingi, wanayoshiriki ndugu, wajomba na marafiki. Mtu akijinasibisha kwa mwingine, amesema mbele ya watu kwamba baba yake hakuoa kwa haki, na kwamba mama yake hana heshima. Kijana alikuwa hakusudii hata chembe ya hayo, lakini ndivyo ilivyosikika, na mzee akakataa kukaa naye kwa muda mrefu.

Sasa tuulize sheria inasemaje. Qur'ani, katika Sura ya 33 aya ya 5, inaamrisha watu waitwe kwa baba zao, na kwamba huo ndio uadilifu mbele ya Mwenyezi Mungu. Wafasiri wanataja kuwa aya hiyo ilimhusu Zaid, aliyelelewa na Mtume (S.A.W.) na kupendwa sana, hata watu wakawa wanamwita Zaid bin Muhammad. Ilipoteremka akarudishwa kwa mzazi wake, akawa Zaid bin Haritha, wa kabila la Kalb. Kama kuna mtu ambaye ingefaa nasaba yake ibadilishwe kwa heshima, ni yule aliyekuwa akinasibishwa na Mtume mwenyewe. Na bado hakuruhusiwa.

Tutazame na nasaba ya Mtume wetu. Ni Muhammad bin Abdillah bin Abdil-Muttalib bin Hashim bin Abdi Manaf. Manaf lilikuwa sanamu la Makureshi, na wanazuoni wetu wameisoma nasaba hiyo kwa karne kumi na nne bila ya kuifuta. Siku ya vita vya Hunayn, watu walipotawanyika, Mtume alijitangaza kwa sauti kuwa yeye ni mwana wa Abdul-Muttalib. Naye Ikrima, mtoto wa yule Abu Jahl aliyeupiga vita Uislamu hadi kufa kwake, alisilimu akabaki Ikrima bin Abi Jahl. Na vitabu vya sira vinasimulia kuwa masahaba walikatazwa kumtukana baba yake mbele yake, kwa kuwa matusi hayamfikii maiti ila humuudhi aliye hai.

Ama jina la mtu mwenyewe, Mtume alibadilisha yale yenye maana mbaya au yenye kuabudu asiyekuwa Mungu. Mwanamke aliyeitwa kwa jina lenye maana ya mwasi alimwita Jamila. Lakini Umar, Uthman, Khadija na Bilal waliyapata majina yao kabla ya Uislamu, nao wakafa nayo. Bilal alibaki Mhabeshi, Suhaib akaitwa Mrumi na Salman Mfursi, wala hakuna aliyetakiwa asahau alikotoka. Jina lenye maana ya "aliyezaliwa wakati wa mvua" lina kosa gani? Mvua ni rehema, na aliyeiteremsha ni Mwenyezi Mungu.

Kijana yule alilichukua jina la Kiislamu alilolipenda, kisha likafuata jina la mzee wake kama lilivyo. Tulikwenda naye hadi kwa baba yake, na kwa msaada wa mkalimani tukamweleza kuwa Kitabu chetu kinakataza mtu kumkana baba yake. Mzee akataka tulirudie hilo mara mbili. Hakusilimu, wala hatukwenda kumtaka asilimu siku ile. Alimwita mwanawe kwa jina la utotoni, akaamrisha tuletewe maziwa.

Akuj, Mungu, na mpaka wa imani

Swali lililo zito zaidi ni la ibada. Waturkana humtaja Akuj, aliye juu, mwenye mbingu na mvua. Wazee wao wakiomba, mmoja huongoza na wengine huitikia kwa pamoja, kama sisi tunavyoitikia amini. Pamoja na hayo wana waaguzi wao, mmoja huitwa emuron na wengi ng'imurok, ambao hutabiri kwa ndoto na kwa matumbo ya wanyama, na huamrisha kafara. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Lokerio wa karne ya 19, ambaye husimuliwa kuwa aliyatenga maji ya ziwa kwa fimbo yake, wapiganaji wakavuka kwenda kuteka ngamia ng'ambo ya pili. Muislamu akiisikia habari hiyo humkumbuka Nabii Musa (A.S.). Hatulazimiki kuisadiki, wala hatuna haja ya kuicheka mbele ya watu ambao kwao ni kumbukumbu ya kiongozi wao.

Kuhusu neno Akuj, tuwakumbushe wasomaji jambo moja la nyumbani. Neno Mungu, tulitamkalo kila siku, si la Kiarabu. Ni neno la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa majirani zetu Wamijikenda, na lilikuwako kabla ya mababu zetu kusilimu. Walipoingia katika Uislamu hawakulitupa. Walilitakasa maana yake kwa tauhidi, wakasema Mwenyezi Mungu, Mmoja, asiye na mshirika. Waajemi nao walifanya hivyo kwa neno lao Khoda. Basi Mturkana aliyesilimu akiomba dua kwa lugha ya mama yake na kumwita Muumba wake Akuj, akiwa anamkusudia Allah peke Yake, tusimtishe. Sala yake ataisali kwa Kiarabu kama Waislamu wote. Dua ya moyoni Mwenyezi Mungu anaisikia kwa kila lugha, na Sura ya 30 aya ya 22 inatuambia kwamba tofauti ya lugha zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara Zake.

Ama uaguzi, hapo ndipo penye mpaka, nasi hatutauficha. Muislamu hamwendei emuron kutaka kujua ya ghaibu, na hatoi kafara kwa asiyekuwa Mungu. Lakini kabla ya kumnyooshea kidole mwaguzi wa Turkana, tuangalie uani kwetu. Nani asiyejua kuwa pwani kuna wapigao ramli, wanaouza hirizi, na wanaopunga pepo kwa ngoma na mafusho? Pepo hao wenyewe hupewa makabila: huyu wa Kihabeshi, yule wa Kimasai, yule wa Kiarabu, kila mmoja na nguo yake na matakwa yake. Jambo hilo hilo Wasomali huliita saar, na Waethiopia na Wasudan huliita zar, na akina mama walio nalo wamo Kakuma. Nyani haoni kundule.

Mwanamke anaposema kuwa si yeye anayezungumza bali ni mwingine aliye ndani yake, wa kwanza kutakiwa kwetu ni huruma. Huenda ni ugonjwa, huenda ni huzuni ya vita ambayo haijapata kinywa, na sisi tunaamini pia kuwa majini wapo. Asomewe Qur'ani kwa adabu ikiwa ni Muislamu na ameridhia, na apelekwe kwa daktari bila ya kucheleweshwa. Kumzunguka kwa kicheko na kumpiga picha kwa simu hakumtibu mtu yeyote.

Na ikiwa yule aliye mbele yetu si wa dini yetu, Sura ya 6 aya ya 108 inatukataza kuwatukana wale wanaoombwa badala ya Mwenyezi Mungu, ili wenyewe nao wasimtukane Mungu kwa uadui bila ya kujua. Watu wa pwani wameyaona madhara ya kukosa adabu hiyo. Majirani zetu Wagiriama walikuwa wakisimamisha vigango kwa ajili ya wazee wao waliofariki. Vikaibwa, vikauzwa, vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani kama mapambo, na viwili vilirejeshwa Kenya mwaka 2007. Si lazima tuamini wanachoamini Wagiriama ili tujue kuwa kuiba kumbukumbu ya marehemu wa mtu ni dhuluma.

Waliogeuka mawe

Kando ya barabara iendayo Kalokol, upande wa ziwa, zipo nguzo za mawe zilizosimama ambazo watu huziita Namoratunga. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba katika maeneo ya nguzo kama hizo karibu na ziwa, na huko Lothagam wamekuta makaburi yenye umri wa kiasi cha miaka elfu tano. Wenyeji wana hadithi yao, nayo husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Wanasema nguzo hizo zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Akawatokea mgeni asiye wa kawaida, wakamcheka, nao wakageuzwa mawe palepale walipo.

Sisi tunaichukua kuwa ni hadithi. Lakini mafunzo yake yanakubaliana na Sura ya 49 aya ya 11, inayokataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Mzee wa Kiturkana asiyejua kusoma amekuwa akimfundisha mjukuu wake tabia hiyo kwa mawe yaliyo mbele ya macho yake. Nasi tunaojua kusoma tunapaswa kujiuliza tunawafundisha vipi wajukuu zetu, ikiwa mezani petu bado Mturkana ni jina la kumtajia mtu mshamba, na Kiswahili cha Mkongo wa Kakuma ni kichekesho cha jioni.

Mambo ya kuzingatia kwa anayesafiri

Kwa vijana wetu walio huko, na wazazi wanaowashauri, tunafupisha haya.

Kwanza, muulize mtu anapenda kuitwa nani, na umwite hivyo. Jina la ng'ombe ni heshima baina ya marika. Usilitumie kwa mzaha, wala usilikatae ukipewa ruhusa ya kulitumia.

Pili, katika chakula ujue mipaka yako na uitaje kwa upole. Waturkana hutoa damu ya ng'ombe aliye hai wakainywa pamoja na maziwa, na mnyama wa sherehe huuawa kwa mkuki. Hayo kwetu si halali. Lakini Mtume alipoandaliwa kenge wa jangwani ambaye Waarabu wengine walimla, hakumla, akasema tu kwamba mnyama huyo hakuwa katika nchi ya watu wake, na Khalid bin Walid akamla mbele yake. Ikiwa hakuonyesha kinyaa kwa kile kilichokuwa halali lakini hakukipenda, nasi tuyakatae yaliyo haramu kwa adabu hiyo hiyo, bila ya kukunja uso. Maziwa matupu ni halali, na ukitaka kushiriki nyama, changia mbuzi wako uombe umchinje mwenyewe. Kwa tuliyoyaona, wazee hawakatai.

Tatu, kuhudhuria furaha za jirani si kuabudu pamoja naye. Lodwar kuna sikukuu ya utamaduni iitwayo Tobong'u Lore, iliyoanza mwaka 2014, ambayo huwakusanya Waturkana na jamaa zao wa asili moja kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Mtume aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao ndani ya msikiti siku ya Idi, na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama akiwa nyuma yake. Kutazama ngoma ya watu kwa staha kuna mfano katika Sunna. Panapoingia kafara na uaguzi, simama kando kimya, na ukiulizwa eleza imani yako kwa maneno mafupi.

Nne, jeneza likipita, simama. Mtume alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoambiwa ni la nani, aliuliza kama hiyo nayo haikuwa nafsi.

Tano, anayesilimu mikononi mwako mfundishe shahada, sala na tabia njema, kisha mrudishe kwa wazazi wake akiwa mtoto bora kuliko alivyoondoka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa dini, na ibara ya 44 haki ya lugha na utamaduni wake. Nasi tulikuwa na wajibu huo kabla ya katiba kuandikwa.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Uislamu haukuja kuwafanya watu watumwa wa Waarabu, wala wa Waswahili. Umekuja kuwafanya waja wa Mwenyezi Mungu, kila mmoja na lugha ya mama yake kinywani, na jina la baba yake mbele ya watu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali, awateremshie ndugu zetu wa Turkana mvua ya kheri, awarejeshe wakimbizi makwao kwa salama, na atupe sisi sote macho ya kuona wema uliomo kwa wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.